Hujaoa, hujaolewa, na uko kanisani: namna ya kusimama Dar es Salaam

Shinikizo la ndoa katika jiji hili lina njia zake, na zinajulikana. Kuna swali la shangazi msibani, kadi ya mchango kwenye kundi la WhatsApp, sauti ya kwenye kipaza ikisema "ambao hamjaolewa piteni mbele", na mwenye nyumba anayetaka kujua kama una mume kabla hajakuonyesha chumba. Kwa kuwa njia zinajulikana, kila moja unaweza kujiandaa nayo. Wengi wanaoumia hawana upungufu wa imani. Wanakutwa hawajajiandaa, wanajibu kwa haya, na jibu la haya huita swali la pili.

Yanayofuata yanamhusu aliyeamua kubaki bila ndoa, anayeitamani ndoa lakini haijaja, mjane, na mama au baba anayelea mtoto peke yake. Hali zao zinatofautiana, ila wanasumbuliwa na watu walewale.

Soma sura nzima, si aya moja

Aya utakayotajiwa mara nyingi ni Mwanzo 2:18, "si vema huyo mtu awe peke yake". Ni neno la Mungu na usilikwepe. Lakini soma pia 1 Wakorintho 7, aya zake zote 40, kwa mkao mmoja na kalamu mkononi. Aya ya 7 inasema kila mtu ana karama yake itokayo kwa Mungu, huyu hivi na huyu hivi. Paulo haweki wenye ndoa juu na wasio na ndoa chini. Aya ya 9 inawaambia wasioweza kujizuia waoe. Aya ya 28 inasema anayeoa hatendi dhambi. Aya ya 35 anaeleza kwamba hasemi hayo ili awategee tanzi. Kisha fungua 1 Timotheo 4:3 uone anavyowakemea wanaokataza watu kuoa. Ukizisoma kwa pamoja utaona Maandiko hayakusukumi kwenye ndoa wala hayakufungii nje.

Ongeza watu wenyewe: Yeremia aliyeambiwa asioe (Yeremia 16:2), binti wanne wa Filipo waliotabiri (Matendo 21:9), Ana aliyeishi na mume miaka saba tu kisha akabaki hekaluni hadi uzee (Luka 2:36-37). Na kwa yeyote aliyeambiwa kwamba maisha yake hayana matunda, Isaya 56:3-5 inamkataza towashi kusema "mimi ni mti mkavu". Waprotestanti wengi hapa hudhani kuishi bila ndoa ni mambo ya mapadri na masista peke yao. John Stott, mchungaji wa Kianglikana aliyeongoza usharika wa All Souls jijini London na kufariki mwaka 2011 akiwa na miaka 90, hakuoa kamwe.

Aya hizi ni chakula chako wewe. Usiende kuzipigania sebuleni kwa shangazi. Yeye atakujibu kwa Mwanzo 1:28, sauti zitapanda, na utaonekana mtoto asiye na adabu hata kama ulikuwa sahihi.

Ukimaliza kusoma, andika kwenye daftari mistari miwili au mitatu: kwa sasa naishi hivi, kwa sababu hii, na nimeukabidhi mwaka huu kwa kazi hii. "Kwa sasa" ni maneno ya lazima, kwa sababu hali yako si nadhiri. Watawa Wakatoliki huweka nadhiri baada ya miaka ya malezi, chini ya usimamizi. Mtu aliyeachwa na mchumba mwezi uliopita hana sababu ya kuapa usiku kwamba hataoa tena. Mhubiri 5:5 inasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Kama moyo unaendelea kuvutwa huko baada ya mwaka mzima, nenda kwa padri au mchungaji mkazungumze kwa utulivu.

Majibu ya mdomoni

Jibu zuri lina salamu, sentensi moja na mahali pa kugeuzia mazungumzo. Likizidi hapo linakuwa utetezi, na utetezi hualika ushauri. Yafanyie mazoezi kwa sauti ukiwa peke yako mpaka yatoke bila kutetemeka.

Kwa shangazi au mama mkubwa: "Shikamoo shangazi. Siku likiwepo la kusema nitakuja kwako mwenyewe, hutalisikia kwa watu. Vipi miguu, bado inakusumbua?" Jibu hili linampa heshima anayoitafuta, yaani kuwa wa kwanza kujua.

Kwa mfanyakazi mwenzako anayetaka kula pilau: "Pilau nitakupikia hata Jumamosi hii, karibu." Halafu mpikie kweli. Wengi wakishakula kwako hawaulizi tena kwa namna ileile.

Kwa mzee wa kanisa: "Mzee, naomba uniombee nitembee vizuri na Bwana katika hali niliyo nayo." Hatakataa, na umemwekea mipaka ya ombi.

Kwa anayesema unachagua sana: "Ni kweli nachagua, ni jambo la maisha yote." Useme kwa upole, bila kucheka na bila kununa.

Sasa yanayoharibika. "Mungu atajalia" huonekana jibu salama, lakini msikilizaji anasikia "nateseka, nisaidie", na wiki inayofuata analeta mpwa wake. Kudanganya kwamba una mchumba yuko mikoani hukupa miezi michache ya amani, kisha watu wanaanza kuuliza barua ya posa imekwama wapi. Kujibu kwa ukali huzunguka ukoo mzima kabla hujapanda daladala ya kurudi. Na kujidharau ili watu wacheke, "mimi nimeachwa na gari", huwafundisha kukuzungumzia hivyo hata usipokuwepo.

Mama ni habari nyingine

Wazazi hawatoshelezwi na sentensi moja, na hawastahili kupewa moja. Mama anapokusukuma, mara nyingi ana hofu tatu: nani atakuuguza, nani atamzika yeye kwa heshima na kuendeleza jina, na atawajibu nini wenzake wa jumuiya au wa kikoba ambao kila mwaka wanacheza sendofu za watoto wao. Hofu ya tatu hataitaja, na ndiyo inayomuuma kila wiki.

Mtafutie muda. Isiwe kwa simu, isiwe Krismasi nyumba ikiwa imejaa wageni, isiwe mbele ya wifi au shemeji. Nenda alasiri ya siku ya kawaida, na usiende mikono mitupu. Msikilize kwanza mpaka amalize, hata akilia. Kisha jibu hofu moja moja kwa vitu vinavyoonekana: una bima ya afya, una akiba, una watu fulani watakaokuja usiku ukiugua, na namba zao umemwandikia. Hapo neno lako lina uzito. Ukimjibu kwa falsafa ya uhuru wako atakuona umepotea mjini.

Jambo la mwisho ndilo husahauliwa: mpe mama jibu la kubeba. Mkubaliane maneno ambayo akiulizwa kikobani atayasema bila aibu. Kwa mfano: "Mwanangu ana kazi yake na anamtumikia Mungu, na mimi nimemwachia Mungu." Mama mwenye jibu hupumua. Asiye nalo hurudi kwako kila Jumapili jioni na swali aliloulizwa mchana.

Baba mara nyingi hasemi, anatuma watu: baba mdogo, au mzee wa ukoo anayekuja na habari za binti wa rafiki yake. Mpokee mjumbe kwa heshima, usimpe jibu yeye, nenda kwa baba mwenyewe. Ikifika mahali mnatajiwa mahari na tarehe bila wewe kuulizwa, jua kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kila mmoja aridhie kwa hiari yake. Sema mapema kwamba hujaridhia, na useme mbele ya mtu mzima wa tatu. Ukinyamaza ili usimwaibishe mtu, watu watachukulia umekubali, na baada ya mahari kupokelewa kila siku inayopita hufanya kukataa kuwe kugumu zaidi.

Kamati, michango na kadi

Asiye na familia huonwa kuwa na pesa na muda. Ndiyo maana anawekwa mweka hazina wa kila kamati ya harusi na kupewa ahadi ya juu kuliko wenye watoto wanne. Ukitoa kila unachoombwa utaishia kuwa na uchungu kwa harusi za watu unaowapenda.

Panga kiasi cha mwaka mzima mwezi wa kwanza. Chukua mfano wa shilingi 600,000: 300,000 ziwe za ndugu wa damu, 200,000 za marafiki wa karibu na wa kwaya, 100,000 za wengine wote kazini na mtaani. Fungu likiisha limeisha. Aliyebaki unampa pongezi na mkono wako, kama kupika, kupokea wageni au kukaa mapokezi ukumbini. Toa ahadi unayoweza kuilipa na uilipe mapema, maana ahadi isiyolipwa ndiyo inayokupigisha simu kila jioni. Kwenye kadi chukua singo bila kuona haya. Anayenunua dabo na kumchukua mtu yeyote ili asionekane peke yake hujikuta usiku huohuo akipongezwa na ukumbi mzima kwa mchumba asiyekuwa wake.

Kamati moja au mbili kwa mwaka zinatosha. Kwenye sendofu na kichen pati nenda ukiwa umepumzika, kaa na watu unaowajua, na uondoke ukiona mshereheshaji ameanza kuwaita wasio na wenza mbele kwa utani. Kuaga mapema si dharau.

Foleni ya kufunguliwa

Katika huduma nyingi jijini, kutokuolewa hutangazwa kuwa kifungo: mume wa kiroho, jini mahaba, laana ya ukoo. Mtu anapitishwa mbele, anaombewa, anaambiwa anunue mafuta au maji, kisha atoe sadaka maalumu ya kuvunja. Asipopata mchumba anaambiwa imani yake ni ndogo au sadaka haikutosha, na mzunguko unaanza upya mahali pengine. Tunaamini maombi na tunaamini Mungu huwafungua watu. Ndiyo sababu tunasema bila kuficha: huduma inayoweka bei kwenye ndoa yako inakuuzia hofu yako mwenyewe.

Kabla ya kukubali kuombewa, uliza mambo machache. Je, maombi haya yana malipo, sadaka ya kiwango au bidhaa? Je, nitaombewa mbele ya watu, na wenzangu wawili waaminifu wanaweza kuwepo? Je, nimeambiwa nifiche jambo lolote kwa wazazi au kwa mchungaji wangu? Likipatikana "ndiyo" kwenye swali la kwanza au la tatu, au "hapana" kwenye la pili, rudi nyumbani. Maombezi ya faragha usiku na mtumishi wa jinsia nyingine, mlango ukiwa umefungwa, usiyakubali kwa sababu yoyote.

Na unabii wa jina, "mume wako ni kaka fulani wa pale kwaya", usiufanyie kazi. Wapo waliooana kwa neno la mtu wa tatu, kila mmoja akidhani Mungu amesema na mwenzake. Mungu akitaka kusema na wewe kuhusu ndoa, hatashindwa kusema na wewe.

Kama ni mchungaji wako mwenyewe anayewataja wasioolewa madhabahuni kwa namna inayoumiza, usimjadili kwenye makundi ya simu. Omba kumwona ofisini siku ya katikati ya wiki, mweleze ni maneno gani na yaliumiza vipi, kisha mwombe jambo moja linalotekelezeka: kwa mfano kwamba maombi ya wasio na ndoa yasiwe ya kupita mbele, au kwamba semina ya familia iwe na kipindi kinachowahusu. Wengi hubadilika wakiambiwa kwa adabu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia.

Mahali pako kanisani

Ukipita miaka 35 unajikuta huna chama. Vijana wanakuita dada mkubwa au bro, na akina mama wanazungumzia waume. Kwa Wakatoliki uliza paroko au viongozi wa WAWATA, UWAKA na VIWAWA, yaani vyama vya wanawake, wanaume na vijana Wakatoliki, wanakupokeaje, usikisie. Kwa ujumla, kwaya na jumuiya ndogo za nyumba kwa nyumba ndizo zinazofaa zaidi, kwa sababu zinachanganya umri na hali, na watu wake ndio wanaokuja kukuona ukiugua na kusimama nawe ukifiwa. Jumuiya ikifika zamu ya nyumba yako, ipokee hata kama ni chumba kimoja. Kopa viti kwa jirani, chai na maandazi yanatosha.

Chagua huduma moja ya uzito na moja nyepesi. Zikizidi hapo utakuwa kibarua wa kanisa, kwa kuwa kila pengo litapelekwa kwa "yule hana familia". Jibu lake ni fupi: "Jumamosi nina ahadi." Ahadi ya kufua, kulala na kumtembelea mgonjwa ni ahadi.

Chumba, ugonjwa na karatasi

Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali kwa kawaida huchukua ya mwezi mmoja. Mwanamke anayepanga peke yake huulizwa zaidi. Nenda kuangalia chumba na kaka, mjomba au rafiki wa kike mwenye umri, hakikisha aliyepo ni mwenye nyumba wala si dalali peke yake, dai mkataba wa maandishi, na ujitambulishe kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa wiki ya kwanza. Mtaa ukikujua kwa jina, uvumi unapungua.

Anzisha kikosi cha watu watatu: mmoja wa mtaani kwako ambaye anaweza kufika kwa miguu usiku, mmoja wa kanisani, mmoja wa ndugu. Kila mmoja awe na namba za wenzake. Mmoja atunze ufunguo wa akiba, na ajue kadi yako ya bima iko droo gani. Hospitali itauliza ndugu wa karibu, kwa hiyo jina na namba yake viwe kwenye karatasi ndani ya pochi, kwa kuwa simu ikizima au ikiwa na nywila haitasaidia. Wengi huchagua wote watatu kutoka kanisani kwa sababu ndio watu wao wa karibu, lakini anayeishi Kigamboni hawezi kukufikia Tegeta saa nane za usiku.

Akiba ya dharura ya miezi mitatu ya matumizi ndiyo ya kwanza, kabla ya kiwanja. Huna mshahara wa pili ndani ya nyumba. Ndugu watakuambia "wewe huna mzigo", na utajikuta unasomesha watoto wa kila mtu. Kusaidia ni vema, ila chagua mtoto mmoja au wawili, lipa ada moja kwa moja shuleni, na wengine uwaambie mapema mwaka huu hutaweza. Kisha andika wosia. Usipokuwa nao, kiwanja na akiba yako huenda vikagawanywa kwa maamuzi ya ukoo ilhali ulikuwa na mtu uliyetaka avipate. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandaa na kutunza wosia. Peleka orodha ya mali, namba za hati na majina kamili ya unaowaachia.

Mwili na upweke

Upweke una saa zake: Jumapili baada ya ibada, usiku wa Krismasi, na jioni uliporudi kutoka kwenye harusi. Panga saa hizo kabla hazijafika. Chakula cha Jumapili mchana kiwe na zamu na watu wawili au watatu. Nusu kilo ya mchele na kilo moja ya samaki au kuku hulisha watu wanne bila shida. Anayepika kwa ajili yake peke yake wiki nzima huishia kula chipsi kavu barabarani na kudhani ana huzuni, kumbe pia ana njaa.

Kuhusu usafi wa mwili, maazimio makubwa ya mkesha hayadumu kama hayana utaratibu. Kutembeleana getoni na mtu mnayevutiana kuwe mchana na mlango wazi, au kusiwepo. Simu ilale nje ya chumba unacholala. Nunua saa ya kengele ya elfu chache. Tafuta mtu mmoja wa jinsia yako, aliyekomaa, mnayeulizana kila wiki bila kuzungukana. Ukianguka, tubu, mwambie mtu huyo siku hiyohiyo, na ubadilishe mazingira yaliyokuangusha. Kuficha kwa mwezi mmoja ndiko hugeuza kosa kuwa mazoea.

Shinikizo likichosha, baadhi huhamia kwa mtu "tujaribu kwanza". Fahamu kwamba kwa sheria yetu mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mke na mume, mahakama inaweza kuchukulia kwamba wameoana, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Unaweza kujikuta kwenye kesi ya kugawana mali na mtu ambaye kanisa halikuwahi kuwafungisha.

Akija mtu

Kuukubali useja hakukuzuii kumsikiliza mtu mwema. Kunakuondolea haraka tu. Mtazame katika kazi, pesa na hasira kwa muda usiopungua misimu kadhaa ya mwaka. Muulize madeni, watoto alionao, na kanisa analosali kwa kweli, si analolitaja. Nendeni kupima VVU pamoja, mkiwa wote wawili mbele ya mshauri. Ongea na watu wanaoishi naye, hasa dada zake na wafanyakazi wake wa ndani. Sheria inataka notisi ya ndoa ya siku 21, na makanisa mengi hutangaza ndoa ibadani kabla ya kuifungisha, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Anayekutaka uruke utaratibu huo kwa sababu umri wako umeenda, au kwa sababu ana safari, mwambie utamsubiri atakaporudi, kisha uone kama atarudi.